Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wafugaji, Kongwa

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Nawashukuru mliofika. Mwaka huu josho limefanya kazi kwa ratiba, lambo limefukuliwa, afisa mifugo wa kata tumekutana naye kila robo mwaka, na habari za mnada mnazijua wenyewe. Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi niseme tu kwamba wanachama tupo 92, waliomaliza ada ni 37, na mkutano wa Agosti ulihudhuriwa na watu 14. Akidi haikutimia, tukatawanyika. Jambo hili linaniumiza sana.

Nije kwenye lile linalosemwa vilabuni na mnadani: fedha za madume. Ni kweli, fedha tulizochanga ili tununue madume ya ng'ombe wa mbegu ya Mpwapwa zimenunua friji la sola na chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Kamati ilikaa, muhtasari upo, sahihi zipo. Hoja niliileta mimi na bado naisimamia.

Wapo walioniuliza, "Mwenyekiti, friji linazaa?" Jibu langu ni hili. Sotoka ya ng'ombe, iliyofagia mazizi ya babu zetu miaka ya 1890, haikumalizwa na madume bora. Ilimalizwa na chanjo. Aliyeitengeneza ile iliyotuvusha ni Walter Plowright, Mwingereza, daktari wa mifugo na mtaalamu wa mikrobiolojia, akiwa Muguga, Kenya, kwenye maabara iliyohudumia Afrika Mashariki yote. Alikiotesha kirusi cha sotoka kwenye seli za figo za ndama, akakihamisha chombo hadi chombo, mara 90 hivi, mpaka kikaishiwa ukali lakini kikabaki na nguvu ya kumkinga ng'ombe maisha yake yote. Huyo huyo alithibitisha kwamba nyumbu hubeba kirusi kingine, si cha sotoka, kinachoua ng'ombe wakati wao wenyewe wazima, jambo ambalo Wamasai walikuwa wakilijua siku nyingi. Mwaka 1969 yeye na wenzake walitangaza kwamba papasi, jamii ya kupe, wa kwenye mashimo ya wanyama, hapa hapa Tanzania, wana kirusi cha homa ya nguruwe ya Afrika. Alifariki mwaka 2010. Mwaka uliofuata dunia ikatangaza kwamba sotoka ya ng'ombe imetokomezwa.

Lakini chanjo yake ilidai baridi, na hii ya mbuzi ni vivyo hivyo. Waliokuwepo siku ya kuchanja walikiona kichupa: chini kuna unga mweupe ulioshikana. Ukishauchanganya na maji yake, una saa chache tu. Kabla ya friji tulitegemea barafu ya bodaboda kutoka Kibaigwa, na mnajua ilikuwa ikifika maji. Chanjo iliyopata joto ukimchoma mbuzi nayo umemchoma maji, na fedha imekwenda. Dume la Mpwapwa lingetuzalia mitamba, sikatai. Ila halimkingi mbuzi hata mmoja.

Na siku hiyo ilikuwaje? Kichupa cha dozi 100 kilifunguliwa asubuhi, wakaja mbuzi 40, wa wanachama wale wale wanaolipa ada. Jua likapanda, kilichobaki kikateketezwa. Baadhi ya wanaodai madume kwa sauti kubwa hawakuleta hata beberu. Nimewapigia simu mmoja mmoja kwa vocha yangu mwenyewe.

Wenye kumbukumbu ya mwaka 2007 wananielewa. Mvua zilikuwa kubwa, mbu wakazaliana kwenye madimbwi, Homa ya Bonde la Ufa ikaingia, na Dodoma ndiyo ikaongoza nchini kwa wagonjwa. Nchi ilipoteza watu zaidi ya 100. Ng'ombe na mbuzi walitupa mimba, nyama ikakosa mnunuzi. Ugonjwa wa mifugo ukishafika kwa binadamu, hakuna anayeuliza dume lako ni la mbegu gani.

Kuhusu mwaka ujao, madume yatanunuliwa, Mungu akijalia mvua na wanachama wakilipa ada. Dunia imejiwekea lengo la kutokomeza sotoka ya mbuzi na kondoo ifikapo 2030, na ningependa Kongwa tuwemo. Natamani pia kuona mtoto wa mwanachama akisomea maabara ya mifugo, na chama kimsaidie kwa kadiri kitakavyoweza. Wadaiwa wa ada majina yao atakuwa nayo katibu baada ya kikao.

Naomba kuwasilisha.