Ramani ya Kwenye Simu Haikijui Kiwanja Chako

Mteja anayetupigia sisi wachora ramani za nyumba kwa mara ya kwanza huwa na vitu viwili: picha ya nyumba aliyotumiwa WhatsApp, na swali la ramani ni shilingi ngapi. Picha tunaipokea kwa furaha, inatuonyesha ladha yake. Swali la bei nalo ni halali. Ila kabla hatujalijibu tunauliza la kwetu: kiwanja kiko wapi, na barabara iko upande gani?

Wapo wanaodhani tunazungusha maneno. Chukua chumba cha kulala chenye dirisha kubwa la magharibi hapa Dar es Salaam. Kuanzia saa nane mchana jua linakipiga hadi lizame. Tofali linashiba joto, halafu linalirudisha ndani usiku, saa ile unayotaka kulala. Utanunua kiyoyozi, na kila mwezi utanunua luku ya kukiendesha. Sisi upande huo tunapenda kuweka ngazi, stoo au choo, vitu visivyolala watu.

Upepo nao una ratiba yake. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi, miezi ya joto kali, na inatokea kaskazini-mashariki. Kusi inashika katikati ya mwaka kutoka kusini-mashariki. Chumba chenye madirisha kwenye kuta mbili kinaupitisha. Chenye dirisha moja, hata liwe pana kiasi gani, upepo ukiingia hauna pa kutokea. Ramani ya kwenye simu iliyochorwa kwa ajili ya Johannesburg, ambako adhuhuri jua liko upande wa kaskazini mwaka mzima, haina habari na haya. Hapa kwetu adhuhuri jua linakuwa kaskazini miezi mingi, kisha kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi linahamia kusini, kwa hiyo pande zote mbili zinahitaji paa lililotoka nje vya kutosha kutia kivuli.

Hapo tuseme kidogo kuhusu paa la kuficha, maana kila wiki tunaombwa. Linapendeza, hatubishi. Lakini ukuta ulioficha bati umeondoa kivuli cha madirisha, na maji yote ya masika yanategemea mfereji uliojificha nyuma yake. Majani yakiziba huo mfereji, maji yanashukia darini. Tutakuchorea ukitaka, kwa sharti kwamba mfereji uwe mpana, uwe na njia ya dharura ya kumwaga maji nje, na pawepo pa kupandia kuusafisha.

Sasa vipimo. Mtu anatuambia, "vyumba vya watoto mita tatu kwa tatu vinatosha." Mara nyingi hizo tatu zimepimwa katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta. Toa unene wa tofali la inchi sita, toa plasta pande zote, umebaki na kama mita 2.8. Kitanda cha futi sita kwa sita kinakula mita 1.83. Weka kabati la sentimita 60 mbele yake, na kati ya kitanda na kabati unabaki na chini ya sentimita 40. Mlango wa kabati haufunguki. Fundi hana kosa hapo, alijenga alichopewa. Ndiyo maana sisi tunachora vitanda, makabati, friji na mlango unavyofunguka, kisha tunakuambia upime na kochi ulilonalo nyumbani.

Ngazi ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Ukiwa na mita 3 kutoka sakafu ya chini hadi ya juu, unahitaji hatua kama 17 ili magoti yasilalamike. Ikikunja katikati, inataka eneo la mita 2 kwa zaidi ya 3. Aliyeacha kona ya mbili kwa mbili ataishia na kitu cha kupandia kuku.

Na wengi wetu tunajenga kidogo kidogo: msingi mwaka huu, boma mwakani, kupaua Mungu akijalia. Hakuna ubaya, mradi ramani ilijue hilo tangu mwanzo. Kama nia ni ghorofa baadaye, msingi, nguzo na nondo vinaamuliwa leo, na anayeamua ni mhandisi. Mabomba ya choo yapite kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu. Shimo la maji taka likae mahali gari la kunyonya litafika hata ukishajenga ukuta na geti. Tunapanga pia sehemu ipi ikamilike kwanza ili uhamie na uachane na kodi, huku nyingine ikiendelea bila vumbi kuingia jikoni.

Ukarabati una hesabu nyingine. Tunaitwa sana kwenye zile nyumba za Kiswahili za Magomeni na Temeke: ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Familia inataka kuunganisha vyumba viwili ipate sebule. Kabla nyundo haijagusa ukuta tunapanda darini kuona kenchi, zile mbao zinazobeba bati, zimekalia wapi, maana ukuta unaoonekana wa kugawa tu unaweza kuwa ndio umebeba paa. Ukibomolewa bila boriti ya kuushikilia mzigo, nyufa zitakuja, au kibaya zaidi. Waya za umeme za zamani tunazihesabu kwenye makadirio mapema. Ukuta ukishapakwa rangi, nani atataka kuuchimba tena?

Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri, na ukarabati mkubwa nao unakihitaji. Yeyote utakayempa kazi, sisi au wengine, muulize usajili wa bodi yake: wabunifu majengo wako chini ya bodi ya AQRB, wahandisi chini ya bodi ya ERB. Asikasirike ukiuliza.

Kikao cha kwanza tunafanyia kiwanjani. Njoo na nakala ya hati au barua ya toleo, picha unazozipenda, na orodha ya watakaoishi humo, akiwemo bibi asiyeweza ngazi na mjomba anayekuja kila Desemba na familia yake. Njoo pia na bajeti ya kweli, siyo ile unayomtajia fundi. Ada tunakupa kwa maandishi baada ya kuona eneo, pamoja na idadi ya mara tutakazokuja kukagua: msingi, lenta (mkanda wa zege juu ya madirisha), na kabla ya kupaua.

Kama kiwanja kiko bondeni, tuite wakati wa masika. Tutakuja na mabuti, tuone maji yanatuama wapi kabla hujaamua mlango ukae upande gani.