Maharagi bado, Mama

Montréal, tarehe 10 mwezi wa 4

Mama, jambo sana, pamoja na wote hapo Bukavu.

Uliuliza kwa simu mbona huku hawajapanda maharagi na jua linawaka. Jua la mwezi huu ni la kuangalia tu. Chini udongo una baridi ya frigo, na mbegu inalala udongoni. Maharagi yanataka udongo wa angalau nyuzi joto 15. Chini ya hapo mbegu inanyonya maji, inavimba, inaoza kabla ya kuchipua. Ukiifukua unakuta ganda limelegea, ndani uji unaonuka.

Njegere ndizo za kwanza, maana zinaota hata kwenye nyuzi 5: sentimita 3 chini, 5 kati ya mbegu na mbegu. Ila theluji ikiyeyuka inaacha matope. Chukua konzi ya udongo uifinye. Ikibaki donge linalong'aa maji, jembe lirudi ndani. Ukilima hivyo unapata mabonge yatakayokauka kama matofali, mizizi isipite. Donge likivunjika kwa kidole, lima, uchanganye na mboji ya sentimita 3 hadi 5.

Nyanya zinaanzia ndani ya nyumba, wiki 6 hadi 8 kabla ya kutolewa nje. Dirisha peke yake halitoshi, miche inarefuka kama uzi na kulala. Taa iwe sentimita 5 hadi 10 juu ya majani, saa 14 hadi 16 kwa siku. Maji kidogo! Shina likisinyaa pale linapotoka udongoni na mche ukaanguka, ni kuvu wa unyevu na hewa iliyotuama. Usiuhurumie, utupe na udongo wake.

Wazee wa huku wanangoja zipite tarehe 11, 12 na 13 za mwezi wa 5, wanaziita za watakatifu wa barafu, na wenye subira wanafika tarehe 20. Umande ukiganda usiku mmoja tu, nyanya inaamka nyeusi. Kabla ya hapo miche izoeshwe nje siku 7 hadi 10: kwanza kwa muda wa saa moja kivulini, kila siku uongeze, usiku irudi ndani. Wanaoruka hatua hii wanakuta majani yamebabuka meupe.

Lengalenga, yaani mchicha, inapandwa mwezi wa 6. Changanya mbegu na mchanga, ufunike nusu sentimita.

Na mchana wa huku mwezi huo unapita saa 15. Spinachi ikiuona inakimbilia maua na kuwa chungu, ndiyo maana inapandwa sasa. Maharagi yetu ya kupanda mitini, mengi yanafanya kinyume: yanangoja mchana ufupike ndipo yatoe maua, na ukifupika baridi iko mlangoni. Kwa hiyo usimpe msafiri mbegu zake, tutavuna majani matupu.

Maharagi yako uliyopanda mwezi wa 2 yamekwisha kutoa maua? Mvua ikizidi, angalia majani ya chini.

Mwanao