Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vyuo Vikuu, Kampuni na Elimu ya Anga

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu imeshughulikia hasa jambo moja, nalo ni kuona kwamba makubaliano baina ya vyuo vikuu na kampuni yanamfikia mwanafunzi pale karakana, wala hayaishii kwenye saini na picha za ukumbusho.

Kenya si mgeni katika mambo ya anga. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikawa ya kwanza kutengwa mahususi kwa uchunguzi wa eksirei zitokazo angani. Lakini setilaiti ilikuwa ya Wamarekani na jukwaa liliendeshwa na Waitaliano. Tulingoja hadi tarehe 11 Mei 2018 ndipo 1KUNS-PF, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, ikaachiliwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma na kupitia mpango wa KiboCUBE wa Umoja wa Mataifa na shirika la anga la Japani. Taifa-1, setilaiti iliyorushwa tarehe 15 Aprili 2023, ilisanifiwa na wahandisi Wakenya na kufanyiwa majaribio kwa kushirikiana na kampuni ya Bulgaria. Wahandisi wa namna hiyo hawatoki kwenye daftari pekee.

Niliyashuhudia haya katika warsha yetu. Wanafunzi walikata utepe wa chuma wa kupimia, wakavifunga vipande kwenye bomba la plastiki, wakalehemu waya, wakapata antena. Kituo cha Kimataifa cha Anga kilipochomoza, redio iliyowekwa kwenye megahezi 145.800 ilikoroma, kisha picha iliyotumwa na kituo ikaanza kujichora kwenye kioo cha simu, mstari baada ya mstari. Binti mmoja wa mwaka wa pili aligundua kwamba masafa ya mawimbi ya redio yalikuwa yakishuka kadiri kituo kilivyowapita, akaieleza athari ya Doppler, yaani masafa kubadilika kwa sababu ya mwendo wa chanzo cha mawimbi, kwa wenzake bila kufungua kitabu.

Kwa upande mwingine, wanafunzi wetu sita waliopelekwa kwenye kampuni moja kwa mafunzo ya kazini walimaliza wiki zote wakinakili hati, na hakuna aliyeshika kifaa hata kimoja. Hili limenihuzunisha sana, na sehemu ya lawama ni yetu, kwa kuwa mkataba tulioutia saini haukutaja kazi ambayo wangefanya.

Hesabu za fedha zitasomwa na mweka hazina.

Kamati inapendekeza kwamba kila makubaliano mapya yataje saa ambazo mwanafunzi atakuwa maabara, mhandisi atakayemsimamia, na haki ya chuo kutumia data zitakazopatikana katika kufundishia. Rasimu ya masharti hayo mmegawiwa. Naomba tuijadili kifungu kwa kifungu kabla ya kupiga kura.