Dada, hela nimetuma ila tisheti sizitaki

Shikamoo dada,

Nakuandikia huku pembeni maana kwenye grupu la familia nikiandika mstari mmoja tu Baba Mdogo anajibu kwa voisi ndefu inayoanza na "mimi kama mzee wa ukoo", na leo niko ofu sitaki kuharibiwa siku. Hii msome wewe na mama basi. Kama simu inakuumiza macho mtoto akuprintie pale stesheneri ya Barabara ya 12.

Huku Toledo, Marekani, sijambo, kazi ipo, mgongo kidogo tu na baridi ndo imeanza, tuyaache hayo. Mama mwambie vidonge vya presha asiruke hata siku moja, mlonge anywe akitaka lakini vidonge palepale.

Hela ya arobaini ya Mwalimu, yule mama aliyenifundisha kutembeza wageni, nimetuma, laki nne, imeingia kwenye simu ya mama. Usinune. Nimeiweka kwa mama makusudi kabisa na utaelewa ukifika chini.

Sasa ile bajeti ya kamati uliyonipigia picha, nimeikuza nikaisoma yote. Pilau sawa, ng'ombe sawa, watu watajaa, Mwalimu kafundisha nusu ya Tanga, toka Makorora mpaka Raskazone, hata waliohamia Dar watapanda basi. Mashekhe wapewe chao, turubai na viti sawa. Lakini tisheti zenye picha yake kifuani? Kwenye hitma? Hii arobaini au kampeni ya udiwani? Mwalimu mwenyewe alikuwa hapendi kamera, wageni wakitaka kumpiga anawaambia pigeni hayo mawe ya pangoni, yana miaka milioni 150, mimi nimestaafu juzi tu. Leo mumvae tumboni mkila pilau!

Na bado tisheti si ndo iliyonikata maini. Kilichonikata maini ni ule mstari wa mwisho, "Wasifu wa marehemu utasomwa na Baba Mdogo kwa niaba ya familia zilizomuunga mkono". Zilizomuunga mkono! Dada, wewe ulikuwepo. Ulikuwa jikoni unakuna nazi na mlango ulikuwa wazi, usiniambie umesahau.

Niko kidato cha pili, baba hana hata mwaka kaburini, posa imetoka Pangani kwa yule mtu mzima mwenye majahazi, na Baba Mdogo kishika uchumba ameshakipokea na nadhani alishakila pia. Mwalimu akaja jioni na baiskeli yake, na matokeo yangu ya mtihani kayakunja ndani ya pochi. Chai ikaletwa hakuigusa. Akamwambia Baba Mdogo huyu mtoto kashika namba ya kwanza kwa wasichana, unampeleka wapi? Baba Mdogo akaanza kuleta sheria, eti serikali yenyewe imeruhusu, binti wa miaka kumi na tano mzazi akiridhia anaolewa. Alidhani kamweza. Kumbe Mwalimu Sheria ya Ndoa ya 1971 alikuwa anaijua vizuri kuliko makarani wa mahakama! Akamjibu taratibu, ni kweli, sheria ni mbovu lakini ndivyo inavyosema, ila isome mpaka mwisho, ridhaa ni ya baba, baba akiwa amefariki ridhaa ni ya mama. Baba mdogo hajatajwa humo. Halafu akageuka akamuuliza mama, "Mama, wewe unasemaje?"

Mama yetu, ambaye mbele ya shemeji yake alikuwa haongei zaidi ya karibu na ahsante. Alikaa kimya mpaka nikadhani hatajibu, halafu akasema, "Mimi nataka asome." Basi. Baba Mdogo akavaa kofia akaondoka na miezi hakukanyaga kwetu. Huyo ndo anataka kusimama kwenye maiki atuambie walivyoshirikiana.

Na ujue Mwalimu hakuishia kunitoa kwenye posa akaniacha na njaa. Ada ya kutwa enzi zile ilikuwa 20,000 kwa mwaka, inaonekana ndogo lakini kwetu ilikuwa haipo, na michango juu yake. Akasema Jumamosi na Jumapili huyu ntamchukua mimi, atajifunza kutembeza wageni kwenye mapango ya Amboni. Mtaa mzima ukasema msichana gani anaingia pangoni na wazungu. Yeye anacheka tu, anasema mahari mnakula mara moja, mgeni anakuja kila wiki.

Nimekumbuka sana anavyotufundisha. Wale kaka waliotutangulia walikuwa wanamwambia mgeni hili pango linatokea Mombasa, kuna mbwa aliingia hapa akaibukia Kilimanjaro, mgeni anashangaa anatoa tipu. Mwalimu akatukataza. Hakukataza hadithi, alikataza kudanganya. Hadithi ya mbwa isimulie na uisimulie vizuri, anasema, lakini anza na "wazee husema", halafu ukimaliza mwambie wataalamu wa Kijerumani na Kituruki walipima mwaka 1994 wakahesabu mapango kumi na lile refu kuliko yote likawa na mita 900. Tukamwambia Mwalimu mita 900 zitatukosesha tipu. Akasema mgeni uliyemdanganya hamtumi rafiki yake. Ikawa kweli, wageni wakawa wanafika getini wanauliza wale wasichana wako wapi, na wale kaka ndo chuki ilipoanzia hapo, si unajua.

Magofu ya Tongoni pia. Tunapanda daladala ya barabara ya Pangani, tunashukia njiani, jua kali, anatusimamisha kwenye yale makaburi ya nguzo kila mmoja aeleze kwa Kiingereza mpaka aeleweke. Mimi nilipewa ya Vasco da Gama, jinsi meli yake ya São Rafael ilivyokwama kwenye mafungu ya mchanga pale mbele mwaka 1498, na mwaka uliofuata wakirudi toka India mabaharia wamekufa wengi mno, meli hawana wa kuiendesha wakaichoma moto hapohapo. Nilikuwa naisema nikiwa nimelala, wewe ndo ulikuwa unanipiga mto ninyamaze. Na ukimaliza habari za Mreno, Mwalimu anakuuliza, na wenyeji walikuwa wanakula nini, nani alichota maji, mwanamke yuko wapi kwenye maneno yako? Hukujibu, unarudia upya. Hela ya wageni inaandikwa kwenye daftari, shilingi kwa shilingi, ada ya nani imetoka, sare ya nani bado. Lile daftari liko wapi? Likiwa kwa mwanae mwambie asilitupe.

Oktoba 2019, Mahakama ya Rufani ilipokubaliana na ile hukumu ya Mahakama Kuu ya 2016 kwamba vile vifungu vya ndoa za utotoni vinapingana na Katiba, Mwalimu alinipigia huku saa tisa usiku, hajali saa. Nikadhani kuna msiba. Anacheka kwenye simu, "mwambie baba yako mdogo!" Halafu hapohapo akaanza kulalamika, hukumu ni hukumu, sasa Bunge nalo lifanye kazi yake. Ndo alivyokuwa, furaha yake haimalizi dakika.

Sasa nikwambie ya kwangu kidogo, maana kwenye ile voisi ulisema eti nimekuwa Mmarekani nimewasahau. Difriza la juisi mnaloingizia hela nani kanunua? Haya. Pale hotelini wamenipa usuperevaiza wa mapokezi zamu ya usiku, nina watu chini yangu na wengine wamezaliwa hapahapa. Na mwezi uliopita kulikuwa na shughuli ya miji rafiki, si unajua Toledo na Tanga ni marafiki tangu 2001, wakatafuta mtu wa kuielezea Tanga, nani mwingine? Nikavaa kanga juu ya gauni, nikawapa Amboni, nikawapa vita vya Novemba 1914, jeshi la Mwingereza karibu watu elfu nane linashuka Raskazone na linarudi mbio kwenye meli, nyuki nao wakiwa wamejiunga vitani. Walicheka mpaka machozi. Mzee mmoja akaniuliza ulisomea wapi historia, nikamwambia pangoni.

Nikarudi nyumbani usiku huo nikasema ngoja nimpigie Mwalimu nimwambie, simu nimeshaishika mkononi. Ndo nikakumbuka.

Tuendelee. Huku machungwa yapo mwaka mzima, yanang'aa, wanabandika na stika, lakini la Muheza lililomenywa likafungwa na chumvi na pilipili pale stendi hakuna, nilikuwa nalitamani juzi nikiwa foleni mpaka nikasahau nilichofuata dukani. Na vibibi vya mama. Basi.

Ninachotaka ni hiki na usiniambie mpaka kikao kikae. Laki moja na nusu iende kwenye pilau na kisomo, mama aitoe mwenyewe. Inayobaki, asiitoe kwa kamati hata waje na shekhe mkuu, ni ya wale mabinti waliokuwa wanaenda na Mwalimu Jumamosi. Najua mtasema elimu bure. Ni kweli tangu 2016 ada hadi kidato cha nne hakuna, lakini nauli ya kutoka Kiomoni kuja mjini nani anawapa, na tochi, na madaftari, na taulo za kike? Msichana akikosa hivyo anakaa nyumbani, na akikaa nyumbani majahazi ya Pangani bado yapo. Mwaka huu nitatuma kila mwisho wa mwezi wa mshahara, kidogo kidogo, kwa mama.

Na wasifu asome yule binti wa Pongwe. Unamjua, aliyezaa akiwa kidato cha tatu, watu wakamaliza maneno yao yote juu yake, na waraka wa Novemba 2021 ulipotoka wa kuwaruhusu waliojifungua kurudi shule Mwalimu akamfuata kwao siku hiyohiyo, mtoto akambeba yeye mgongoni, na umri ule! Sasa hivi anatembeza wageni na kidato cha nne kamaliza. Yeye asome, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, wageni watakuwepo. Baba Mdogo akitaka kusema neno aombe dua, dua haimkatazi mtu.

Akigoma, mwambie ile hadithi ya kishika uchumba mimi naweza kuituma kwenye grupu ikiwa na tarehe.

Wasalimie wote, na yule wa Chumbageni mwambie deni lake nalikumbuka. Mama mshike miguu kwa niaba yangu. Halafu niandikie namba za viatu vya wale mabinti, za kupima, siyo za kukadiria, kuna duka huku linauza buti za kupandia mawe nusu bei mpaka mwisho wa mwezi na kuna mtu anasafiri na begi nusu tupu.

Mdogo wako.

Nimekumbuka: simu aliyoomba Baba Mdogo nimeshainunua, nzuri kweli, iko kabatini. Ataipata baada ya arobaini.