Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Nawasalimu wote mliofika, na wa kutoka Mahenge, Mlimba na Gairo nawapa shukrani za pekee kwa mwendo mliokwenda. Shughuli za kawaida za chama chetu cha watu wa afya ya jamii mnazifahamu, kwa hiyo nitazipitia haraka. Siku ya Afya Duniani, 7 Aprili, tulipima shinikizo la damu na sukari kwenye stendi ya Msamvu, Morogoro. Mafunzo ya uandishi wa ripoti yalifanyika, usajili wa chama umehuishwa, na kamati tendaji ilikutana kila robo mwaka. Tulianza mwaka na salio la shilingi 640,000, tukakusanya ada 2,130,000, tukatumia 1,985,000, tukabaki na 785,000. Mweka hazina atatoa mchanganuo kwa atakayeuhitaji.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo limewaleta wengi wenu leo, nalo ni uamuzi wa mwezi Juni wa kuwapa uanachama kamili, pamoja na haki ya kupiga na kupigiwa kura, wenzetu waliopata shahada ya uzamili ya afya ya jamii kwa masomo ya masafa kupitia mtandao. Nimeambiwa nimeshusha hadhi ya chama. Nimeambiwa nimefungua mlango kwa shahada za kununua. Wanachama sita wameandika barua za kujiondoa. Hoja ile niliiandika mimi na kuipeleka kwenye kamati mimi, kwa hiyo ni haki nijibu mimi.

Wanaosema uamuzi ulipitishwa kinyemela wasome muhtasari. Taarifa ya mkutano ilitumwa siku 21 kabla, kama katiba inavyotaka. Wakati ule tulikuwa wanachama 169 na akidi ni theluthi moja, yaani watu 57. Walihudhuria 64. Waliokubali walikuwa 41, waliokataa 19, na wanne hawakupiga kura. Wengi wa waliolalamika baadaye kwenye kundi la WhatsApp hawakuwamo ukumbini siku ile. Mtu asiyefika mkutanoni hana msingi wa kusema kanyimwa nafasi ya kusema.

Kuhusu hadhi, masomo ya masafa si jambo la juzi. Chuo Kikuu cha London kiliruhusu watu wasiosoma London kufanya mitihani yake tangu 1858. London School of Hygiene & Tropical Medicine imekuwa ikitoa shahada za uzamili kwa masafa tangu 1998, miaka kumi na moja kabla mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM haujafika pwani yetu mwaka 2009. Chuo Kikuu cha Western Cape cha Afrika Kusini kimewasomesha kwa masafa watumishi wa afya kutoka nchi nyingi za bara hili. Makerere wana njia hiyo, na Muhimbili wana njia hiyo. Yupo ndani ya chama hiki atakayesimama hadharani kusema shahada ya Muhimbili ni ya kununua?

Kuna waliouliza, kwa nia njema nadhani, nani anajua kama aliyefanya kazi na mitihani ni mwenye shahada au ni shemeji yake. Swali hilo vyuo vimelishughulikia kabla yetu. Nchini Marekani, baraza linalotoa ithibati kwa shule za afya ya jamii, CEPH, linataka shahada ya MPH, yaani uzamili wa afya ya jamii, iwe na angalau krediti 42 na mwanafunzi apimwe umahiri wa msingi wa aina 22, awe amekaa darasani au amesoma mtandaoni. Kwa masomo ya masafa linaongeza sharti jingine: chuo kionyeshe namna kinavyothibitisha kwamba aliyejisajili ndiye anayefanya kazi na kupewa alama. Na sisi hatukupokea vyeti kwa macho tu. Mwenye shahada ya nje analeta barua ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ya kuitambua, na kila mwombaji anaonyesha ushahidi wa mafunzo kwa vitendo aliyoyafanya. Waombaji wawili tuliwarudisha kwa kukosa barua hiyo. Hilo wanaolalamika hawalitaji.

Hoja ya mafunzo kwa vitendo ndiyo ninayoiheshimu zaidi, kwa sababu kazi yetu haifanyiki kwenye skrini. Homa ya Marburg ilipotangazwa Kagera mwezi Machi 2023, walitakiwa watu wa kufuatilia waliokutana na wagonjwa, nyumba kwa nyumba, na kuripoti kila siku. Lakini tuulizane: nani yuko karibu zaidi na kazi hiyo, aliyeacha kituo miaka miwili akasome mjini, au anayesoma usiku na kesho yake asubuhi yuko zahanati? Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Zimbabwe na Makerere, kwa msaada wa Rockefeller Foundation, walianzisha mpango wa shule za afya ya jamii zisizo na kuta, mwanafunzi akimaliza sehemu kubwa ya masomo yake wilayani akiwa na msimamizi. Walikuwa wameona kwamba ukimtoa mtaalamu wilayani, mara nyingi harudi.

Nitoe mfano wa mmoja wa wanachama wapya, ambaye ameniruhusu nimseme bila jina. Ni afisa afya wa halmashauri. Alinyimwa likizo ya masomo, akajisajili mtandaoni kwa fedha zake. Kipindi cha moja kwa moja cha somo la epidemiolojia, yaani elimu ya mweneo wa magonjwa, kilianza saa moja jioni kwa saa za Baltimore, ambayo kwetu ni saa nane usiku, na Marekani wakirudisha saa zao nyuma inakuwa saa tisa. Alikaa kwenye kibaraza cha ofisi kwa sababu nyumbani mtandao haushiki, bando lake mwenyewe. Kazi ya muhula ilitaka takwimu halisi, akachukua vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za wagonjwa, vya zahanati zilizo chini yake na kuingiza wagonjwa wa kuhara mwezi kwa mwezi. Jedwali lile nimeliona kwa macho yangu. Zahanati moja ilikuwa na wagonjwa 40 Januari, 40 Februari, 40 Machi. Alikwenda mwenyewe, akakuta mhudumu yuko peke yake, anachanja, anazalisha, na mwisho wa mwezi ananakili ripoti iliyopita. Zahanati ile sasa ina mtu wa pili. Mnisaidie, huyu anashushaje hadhi ya chama?

Sisemi njia hii haina shida. Tarehe 12 Mei mwaka huu mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, intaneti ilizorota nchi nzima, na wenzetu waliokuwa na kazi za kuwasilisha wiki ile walihangaika sana. Upweke nao upo. Mtu anapambana na hesabu za takwimu kama regresheni peke yake kijijini, hana wa kumgeukia, mwishowe anaacha. Ndiyo sababu nikasema chama kiwe mahali pao, wapate wa kuwaelekeza.

Nije kwenye ada, na hapa nasema kwa masikitiko. Leo daftari lina wanachama 186. Waliolipa shilingi 30,000 za mwaka ni 71. Wanaodaiwa ni 115, jumla shilingi 3,450,000, zaidi ya mara nne ya salio lote la chama. Wanachama wapya 23 walioingia kwa uamuzi huu wamelipa wote. Wa zamani waliolipa ni 48 kati ya 163. Katika wale sita waliojiondoa kwa ajili ya hadhi ya chama, wanne walikuwa wanadaiwa. Ukumbi wa mkutano wa Juni ulikaribia kufutwa kwa kukosa malipo ya awali, nikatoa mfukoni, na mpaka leo sijadai. Nayataja haya kwa sababu imefika mahali inasemwa mwenyekiti anakitumia chama kujijenga.

Mahudhurio nayo yanatia uchungu. Mkutano wa Septemba ulikosa akidi, tukanywa chai tukatawanyika, na wa Gairo walikuwa wamelala njiani ili wawahi.

Kwa mwaka ujao kamati inatarajia, hali ikiruhusu, kupata chumba chenye mtandao wa uhakika hapa mjini kwa wanaosoma kwa masafa, kuanzisha vipindi vya jioni vya takwimu kwa kutumia programu ya kompyuta ya R, ambayo haina gharama ya leseni, na kuzungumza na waajiri watambue saa za masomo kwa watumishi wasioomba kuondoka kituoni. Mazungumzo na baadhi ya wadau yameanza na yanatia moyo.

Katibu ana daftari la ada pale mlangoni, na namba ya malipo kwa simu imebandikwa ukutani.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti