Safari hii usiongeze gesi

Shangani, Mtwara
Jumapili jioni

Swahiba wangu Hamisi,

Salaam aleikum. Sisi huku hatujambo, mama anakusalimu sana.

Uliniambia kwamba bucha la hapo Lindi linakuita kila baada ya miezi miwili ukachaji gesi. Nakuomba, safari hii usichaji kwanza. Gesi ya friji haichakai wala haiungui kama petroli. Ikipungua, jua kuna tundu.

Nasema hivi kwa sababu hata mimi nimekosa. Kuna chumba cha ubaridi cha samaki nimekichaji mara tatu tangu Ramadhani, kilo mbilimbili za gesi ya friji iitwayo R-404A. Kilo moja ya gesi hiyo ikitoka hewani inapasha joto dunia sawa na karibu tani 4 za hewa ukaa. Kwa kilo 6, zimepita tani 23, kwa mkono wangu. Tuliipenda kwa kuwa haili tabaka la ozoni jinsi gesi ya zamani, R-22, inavyolila, tukasahau joto. Ndiyo maana Marekebisho ya Kigali ya 2016, makubaliano ya mataifa, yanataka gesi za aina hiyo zipunguzwe.

Juzi nikaenda alfajiri na tochi. Kwenye nati ya bomba la shaba nikakuta vumbi limeganda, limelowa mafuta. Mafuta ya kopresa husafiri na gesi, kwa hiyo penye tundu huacha doa. Nikapaka povu la sabuni, nikangoja. Kikatoka kiputo kidogo kama kichwa cha sindano, kikavimba taratibu, kikapasuka, kikaja kingine. Roho iliniuma.

Tundu la pili povu halikulionesha. Lilikuwa kwenye koili ya nje, chumvi ya bahari imelila bomba. Hilo lilinaswa na kile kifaa cha kunusa gesi.

Gesi iliyobaki nikaivuta kwenye mtungi, nikachomelea, nikajaza naitrojeni kupima kama bado panavuja, nikaiacha mpaka asubuhi. Geji ya presha haikushuka hata kidogo. Oksijeni badala ya naitrojeni usijaribu kabisa, ikikutana na mafuta inalipuka. Mwenye samaki alinung'unika kununua barafu ya siku mbili, lakini nilimwambia wazi kwamba sirudi tena kuchaji tu.

Kifaa nakutumia kwa basi la Jumanne, kimo ndani ya mfuko wa korosho, na betri mpya. Zima feni kwanza, maana upepo unaitawanya gesi. Kisha kipitishe chini ya kila ungio, polepole, kwani gesi ni nzito kuliko hewa. Ukimaliza nirudishie, kuna mabucha mawili Chikongola yananisubiri.

Wako,
Salumu