Baba yako alituachia kitu

Walukuba, Jinja
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima, majirani ni wazima, na paka wako bado analala juu ya magunia kama mwenye nyumba. Hofu ni kwako huko Lira na hizo zamu za usiku wodini. Ama baada ya salamu, tafuta mahali ukae kwanza ndipo uendelee kusoma, maana nakuandikia jambo nililopaswa kukuambia tangu 2022 nikakosa mdomo wa kulisema.

Likizo iliyopita ulikuwa nje unasukwa nywele na binti wa jirani. Mimi nilikuwa ndani, nachambua mchele. Nikakusikia unamwambia, "Mimi nimelelewa na mama tu. Baba alikufa hakuacha hata kijiko." Ulisema bila uchungu wowote, kama mtu anayetaja siku ya gulio. Mkono wangu ukasimama kwenye ungo. Maneno yale ni yangu, mwanangu. Hata hicho kijiko ni changu. Nimekulisha maneno hayo tangu una miaka mitatu, na si ya kweli.

Ngoja nikueleze yalivyoanza. Baba yako alifariki 2008, homa ya siku nne tu. Alikuwa amefanya kazi miaka tisa katika kiwanda cha samaki hapa Jinja. Kiwanda kilitoa jeneza na gunia la posho, unga wa mahindi. Baada ya matanga, jamaa mmoja wa upande wao akaondoka na baiskeli, mwingine na redio, na mimi nikabaki na wewe, godoro, sigiri na kodi ya miezi miwili. Hapo ndipo neno lile liliponitoka mara ya kwanza. Kila nilipoamka saa kumi usiku kukanda mandazi nililirudia. Kila mvua iliponyesha pale mwalo wa samaki wa Masese na mukene wangu, hao dagaa wa ziwani, wakaoza wakiwa wameanikwa chini mchangani, nililirudia. Lilinipa nguvu, sikatai. Hasira nayo inaweza kumwamsha mtu asubuhi.

Mwaka unaoukumbuka vizuri wewe mwenyewe ni ule wa shule kufunguliwa. Karibu miaka miwili mlikaa nyumbani kwa sababu ya korona, na tarehe 10 Januari 2022 wenzako wakarudi. Walipita pale mwaloni na masanduku yao ya bati kwenye bodaboda, soksi nyeupe. Wewe ulikuwa umeinama unawageuza mukene kwa fagio la njiti. Hukuinua uso mpaka pikipiki ya mwisho ilipopita. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuona, nikajifanya nahesabu mabeseni.

Basi mwezi wa tatu mwaka ule ule akaja mwaloni mzee mmoja aliyefanya kazi na baba yako. Alinunua mukene mabeseni mawili bila kuomba nipunguze bei, nikashangaa. Akaniambia amepata pesa zake za NSSF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi wa Uganda. Sheria ilikuwa imerekebishwa. Mtu aliyefika miaka 45 na kuweka akiba miaka 10 aliruhusiwa kuchukua asilimia 20 hata kama hajastaafu. Redioni hawakuwa na habari nyingine wiki zile, lakini mimi nilizisikiliza kama habari za watu wengine. Kisha akauliza, huku anafunga gunia lake, "Shemeji, na za marehemu mlishazichukua?"

Nilimjibu kwamba marehemu hakuwa na kitu. Akanitazama kwa muda. "Shemeji, tulikatwa wote."

Mwanangu, usiku ule sikulala. Nilikumbuka ugomvi. Kila mwisho wa mwezi baba yako alinipa ile karatasi ya mshahara, nami kila mwezi niliuliza huu mstari wa makato ni wa nini, pesa ya mtoto inakwenda wapi. Ilikuwa asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri anaongeza 10. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema tu, "Akiba haiozi." Mimi nikamwambia akiba haiwashi sigiri. Tulilala tumepeana migongo kwa sababu ya makato hayo, si mara moja.

Na karatasi zenyewe? Alikuwa akizitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, zimepangwa mwezi kwa mwezi. Alipokufa, nilipoanza kuuza karanga pale steji, nilizifungia karanga. Nilizisokota moja moja, nikajaza karanga za shilingi mia, nikawapa wapita njia. Nakuandikia hili na aibu yangu yote. Jina la baba yako lilitupwa kwenye mitaro ya Walukuba na mikono yangu mimi.

Ilibaki moja. Ilikuwa imenata chini ya kopo kwa kutu. Niliitoa na kisu, polepole, taa ya simu mdomoni ili nisikuamshe. Namba yake ya uanachama ilikuwa inasomeka. Nyuma alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino mambo ya kununua: makaa, sabuni, mafuta ya taa, kiatu cha mtoto. Kwenye kiatu alikuwa ameweka alama ya kwamba ameshanunua. Kwingine kote hakuweka.

Pale ofisini walinipokea vizuri, lakini karatasi walizotaka zilinichukua miezi. Cheti cha kifo kutoka NIRA wanaoandikisha vizazi na vifo, cheti chako cha kuzaliwa, barua ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa wetu, na kikao cha ukoo kilichoandikwa na kutiwa sahihi kwamba mimi ni mjane wake na wewe ni mtoto wake. Hicho kikao ndicho kilichonipeleka Pakwach. Nilikwambia nakwenda kununua mtama. Hapana, nilikwenda kwenu.

Sikuwa nimekanyaga huko tangu mazishi. Mimi Msamia wa Busia, baba yako Mjonam wa Pakwach. Kiswahili ndicho kilichotukutanisha na ndicho tulichokulea nacho, na alipoondoka nilidhani kamba imekatika. Unajua alikuwa na mazoea gani? Jioni akitoka kazini alisimama pale mto unapotoka ziwani, akasema, "Maji haya yatapita nyumbani kwa mama." Niliona ni mchezo wake tu. Sasa nilipanda basi asubuhi, tukauvuka Mto Nile hapa Jinja kwenye daraja jipya, tukauvuka tena Karuma ambako unapiga kelele kama umekasirika, na jua likielekea kuzama tukauvuka mara ya tatu pale Pakwach, mpana, umetulia kabisa. Mara ya tatu nililia. Abiria mwenzangu akadhani nimefiwa.

Bibi yako alitoka nje akanishika uso kwa mikono miwili. Hakuuliza kwa nini nimepotea. Aliuliza mtoto ana urefu gani. Yule aliyechukua baiskeli alikuwepo kikaoni na alitaka apewe fungu kabla ya kutia sahihi. Bibi yako akamwambia, "Ulishachukua lako lenye magurudumu." Akatia sahihi. Hayo yametosha, sitaki umchukie. Ana watoto na wana shida zao.

Pesa ziliingia Agosti. Mwanangu, nilisoma ujumbe wa simu mara tano. Shilingi milioni kumi na moja na laki sita. Ile pesa ya baba yako ilikuwa imekaa miaka kumi na minne inazaa riba mimi nikiwa namsema. Sikuwahi kushika hata milioni moja kwa pamoja. Nilikaa kwenye beseni lililopinduliwa nikaogopa, kwa kweli niliogopa. Ndiyo maana nilikudanganya kwamba nimepata mkopo wa SACCO. Niliogopa neno lisitoke nje, watu wakajaa mlangoni. Niliogopa na wewe usione vitabu havina maana tena. Na chini ya hofu hizo kulikuwa na aibu: ningekuambiaje kwamba yule niliyemwita mtu asiyeacha kijiko ndiye aliyekurudisha shuleni?

Maana ndiye. Ule muhula wa tatu uliporudi kuwafukuzia wenzako, ada ilikuwa yake. Sare ilikuwa yake, na mihula yote mpaka ukamaliza S.4, kidato cha nne. Kabla ya hapo nililipa madeni: kodi ya miezi mitano, duka, na kile nilichokuwa nadaiwa na kikundi. Nilimwezekea bibi yako nyumba kwa bati, kwa sababu yeye ndiye aliyemzaa mwenye pesa. Laki nane nilimkopesha rafiki yangu, hajazirudisha mpaka leo na sidhani atarudisha. Hilo ni kosa langu, nisamehe. Kuna na kijana mmoja alinipigia simu wiki mbili mfululizo kwamba atazifanya ziwe mara mbili kwa mwezi. Huyo hakupata hata shilingi.

Zile chanja unazoziona Masese, za miti na wavu, nazo ni za baba yako. Unakumbuka mukene wa mchangani tulivyokuwa tunawauza kwa watengenezaji wa chakula cha kuku, kwa bei ya kusikitisha? Kwenye chanja wanakauka juu na chini, hawana mchanga, mvua ikija unavuta turubai. Sasa wanunuzi wanawataka kwa chakula cha watu, na tofauti ya bei ndiyo inayolipa chuo chako. Wanawake wawili ninaofanya nao kazi nao wanasomesha kupitia chanja zile zile.

Sheria ya urithi ya nchi hii, iliyorekebishwa mwaka ule ule wa 2022, inasema mtu akifa bila wosia sehemu kubwa ya mali yake, asilimia 75, ni ya watoto. Sijui hesabu za mawakili, lakini niliposikia hilo nilijiona nimekaa na kitu chako bila kukwambia. Zimebaki milioni mbili na laki tatu, ziko benki, sijazigusa. Ni zako. Nimezihesabu zote kwenye daftari, kila shilingi na mahali ilipokwenda, utalisoma ukija.

Karatasi ya mshahara nimeiweka ndani ya bahasha hii, kati ya makaratasi mawili magumu. Usiikunje. Ina kutu pembeni, usijaribu kuisafisha kwa maji.

Ukifunga chuo mwezi wa kumi na mbili usije Jinja moja kwa moja. Panda gari la Pakwach, tukutane huko, nitatangulia siku mbili. Bibi yako bado anauliza urefu wako, na nimemwambia utasimama mwenyewe mlangoni apime. Nauli nimeituma kwenye simu yako leo. Njoo na sweta, usiku upepo wa mto unauma.

Mama yako